UNAUZA SAFARI YA KAREMA? WEKA PICHA YA KAREMA

Wapambanaji wenzangu, leo naongea na nyie mnaouza safari za wikiendi kwenye stetasi na kwenye makundi. Naona matangazo yanazidi: "Twende Karema", "Ikola beach, nafasi chache". Wazo ni zuri kabisa. Ila nyingi ya picha mnazoweka ni za Zanzibar. Minazi, mchanga mweupe, vitanda vya kuotea jua. Ndugu yangu, hiyo ni Nungwi, sio Karema. Mteja akishuka kwenye gari akakuta mwalo, nyavu na dagaa wameanikwa, atasema ametapeliwa. Na ukweli ni kwamba atakuwa sahihi.

Msimamo wangu ni huu: Karema inauzika yenyewe, bila kuazima sura ya mtu mwingine.

Tuangalie mzigo tulionao. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Nchi 4 zinaligawana: sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Ukisimama Karema jioni unaona jua linazama upande wa Kongo. Bahari yetu huku Tanzania inaangalia mashariki, kwa hiyo jua kuzama majini ni kitu ambacho mtu wa ufukwe wa Dar hakipati kirahisi. Sisi tunacho, halafu tunaweka picha ya minazi!

Halafu kuna historia. Wabelgiji waliotumwa na chama cha Mfalme Leopold walijenga kituo Karema mwaka 1879. Mwaka 1885 wakakiacha kwa mapadri, Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers. Hapo hapo Karema aliishi Adrian Atiman, kijana aliyetekwa utumwani Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomeshwa udaktari Malta, akaja kutibu watu huku kwa zaidi ya miaka 60 mpaka alipofariki mwaka 1956. Watu wa Mpanda kibao hawaijui habari hii. Wewe ukiisimulia vizuri kwenye posti yako, tayari umeshawapita washindani wako. Ila kumbuka pale ni mahali pa ibada, ombeni ruhusa kabla ya kuanza kupiga picha. Bandari mpya ya TPA nayo usiipige picha bila kuuliza.

Sasa mambo ya kazi yenyewe.

1. JUA KALENDA YA ZIWA. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Siku za giza utaona taa za wavuvi zimejipanga majini kama mji, na asubuhi mwaloni kumechangamka. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi wanapumzika. Kwa hiyo ukimwahidi mteja "utaona wavuvi" halafu ukampeleka mwezi mpevu, umemdanganya bila kujua. Pia mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kabla hujatangaza kuhe na migebuka wa kuchoma, uliza kwanza kama ziwa liko wazi.

2. USALAMA USIUFICHE. Kuna sehemu za ziwa zina mamba na viboko. Mgeni asiingie majini mpaka wenyeji waseme hapa panafaa. Kiangazi upepo wa kusi unachafua ziwa, boti ndogo inaweza kuwa hatari. Boti haina maboya ya kujiokolea kwa kila abiria? Hampandi. Sema hivyo kwenye tangazo lako mapema. Hutapoteza mteja wa maana, utapoteza yule msumbufu tu.

3. USICHANGANYE NJIA. Naona watu wanaandika "Karema na viboko vya Sitalike siku moja". Kutoka Mpanda, Sitalike ni karibu kilomita 35 kuelekea Sumbawanga. Karema ni zaidi ya kilomita 100, na ni njia nyingine. Hizo ni safari mbili. Hifadhi ya Katavi ina utaratibu wake na viingilio vyake, mteja aambiwe kabla, sio getini.

4. ANDIKA BEI. Hii "bei njoo inboksi" inawachosha watu. Piga hesabu mezani. Mfano tu: watu 12 kwa 80,000 ni 960,000. Gari 400,000, boti 80,000, chakula na malazi 30,000 kwa kila mtu ni 360,000. Jumla 840,000, unabaki na 120,000. Mtu mmoja akighairi, unakosa 80,000 lakini unaokoa 30,000 tu, maana gari na boti havipungui. Yaani kila anayeghairi anakula 50,000 yako. Wakighairi watatu umeingia hasara ya 30,000. Ndiyo maana advansi ni lazima, na kwa mfano huu isipungue 50,000. Lakini andika wazi tarehe ambayo mwisho wake haitarudishwa, na ukighairi wewe unarudisha yote, siku hiyo hiyo.

5. ULIZA LESENI. Kuchangishana na marafiki ni kitu kimoja. Ukianza kuuza safari kila wikiendi hiyo ni biashara ya utalii, ina leseni yake. Leseni ya duka haitoshi. Nenda kaulize ofisi ya biashara ya halmashauri kabla hawajakuuliza wao.

6. PESA IBAKI KIJIJINI. Wengine mnabeba kila kitu kutoka Mpanda, mpaka maji na mkaa. Mnafika, mnapiga muziki, mnaacha chupa, mnaondoka. Mwenyeji anapata nini? Chakula kipikwe na mama wa pale pale, boti iwe ya mvuvi wa pale, na taka mrudi nazo. Kijiji kile ni kimya, na ukimya ndio bidhaa mnayouza. Mkiuharibu hamna tena cha kuuza.

Najua kuna atakayesema, "Picha kali ndiyo inaleta wateja." Sawa, inaleta. Mara moja. Mpanda mji mdogo, wateja wako ni wale wale wanaonunua kwako nguo, simu na dagaa. Mtu akishasema "yule wa safari alitudanganya", hatatofautisha safari na biashara nyingine. Na hatakuchoma wewe peke yako. Anayeuza dagaa wa Karema kwa uaminifu kule Dar naye anaanza kuulizwa, "Hawa kweli ni wa Tanganyika?"

Kwa hiyo kabla ya kuuza nafasi hata moja, nenda mwenyewe. Lala usiku mmoja. Piga picha na simu yako: jua likizama, dagaa kwenye chanja, barabara ilivyo, choo kilivyo, kitanda kilivyo. Zipandishe hizo. Atakayelipa baada ya kuona choo, huyo hatakusumbua.

Wewe unayeuza safari huku Katavi, mteja wako anaonyeshwa nini kabla hajalipa? Andika hapo chini tujifunze.