Mwingine Amekwisha Tangulia



Katika sura ya tano ya Injili ya Yohane, Bwana wetu anafika Yerusalemu kwenye birika la Bethzatha, mahali walipolala wagonjwa wengi wakingoja maji yatibuliwe. Hapo anamkuta mtu aliyeugua kwa miaka 38, naye anamwuliza kama anataka kupona. Wanaowahi Misa ya asubuhi hulisikia jibu lake kila mwaka, Jumanne ya juma la nne la Kwaresima. Anasema hana mtu wa kumwingiza birikani, na kila anapojikokota, mwingine amekwisha kumtangulia.

Tazama hali ya mtu huyu. Tiba anaiamini na iko hatua chache mbele yake, lakini kwa miaka 38 haifikii. Sababu ni mbili: hana mtu wa kumsaidia, na wapo wanaotangulia.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda katika zahanati moja ya kijijini nikiwa na homa. Kwenye benchi alikaa mama wa Kidatoga katika vazi lake la ngozi, akiwa amembeba mtoto aliyekuwa anakohoa. Alikuwa amefika mapema, kwa miguu, kutoka mbali. Watu waliokaa karibu naye walikuwa wamesogea, kana kwamba harufu ya samli na moshi ni maradhi ya kuambukiza. Mhudumu alimwuliza maswali kwa Kiswahili. Mama hakuelewa. Mhudumu akapandisha sauti, kisha akamwambia asubiri. Mara akaniona mimi: “Karibu Baba, pita.” Nikapita. Nilipotoka na dawa zangu mkononi, mama yule alikuwa ameondoka. Mpaka leo sijui mtoto wake alipona au la.

Nimeihubiri mara nyingi Injili ya Bethzatha, na kila mara nilijiweka upande wa Yesu. Siku ile nilikuwa yule mwingine aliyetangulia.

Mwaka 2008 tume ya Shirika la Afya Duniani iliyoongozwa na daktari Michael Marmot ilitoa taarifa ambayo kila Mkristo angefaa kuijua. Ilisema kwamba afya ya mtu hujengwa au hubomolewa kwanza na mazingira anamozaliwa, anamokulia, anamoishi na anamofanyia kazi: ardhi, maji, chakula, elimu, kipato na heshima anayopewa. Hospitali huja baadaye, mara nyingi kutibu majeraha yaliyotokana na hayo.

Sisi wa Mbulu na Hanang hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom imekuwapo tangu mwaka 1955, na imeokoa maisha ya watu wa kila kabila na kila dhehebu. Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya ndugu zetu hao. Lakini hata hospitali nzuri ni kama birika. Kuwapo kwake ni jambo moja, kuifikia ni jambo jingine.

Chukua Wabarabaig wa Hanang, ambao ni sehemu ya Wadatoga. Kuanzia miaka ya 1970 shirika la serikali, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, yapata ekari laki moja. Ardhi iliyochukuliwa ilikuwa na malisho bora kuliko yote, yale mabonde yenye rutuba ambayo wenyewe huyaita muhajega. Hata makaburi ya wazee wao yalilimwa na matrekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ikawapa haki, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Ng'ombe akikosa majani, maziwa hupungua. Maziwa yakipungua, mtoto hudhoofu, na mtoto aliyedhoofu huuawa na kikohozi ambacho mwenzake angekishinda. Daktari ataandika nimonia kwenye cheti, na ndivyo ilivyo. Lakini safari ya kuelekea kwenye cheti kile ilianzia malishoni.

Au shuka bonde la Yaeda kwa Wahadzabe. Hawa ni watu wachache, zaidi kidogo ya elfu moja. Duka lao la chakula na la dawa ni pori lenyewe: mizizi, asali, ubuyu, nyama. Pori likifyekwa, mlo wao umefyekwa, na wanabaki kungoja unga wa msaada. Mwaka 2011 walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja kwa ajili ya ardhi yao. Wengine wataiona kama karatasi tu. Mimi naiona kama chanjo.

Sasa tujiulize, wapendwa: nani anatangulia? Tusikimbilie kuitaja serikali peke yake. Wakulima wengi wanaosogeza mashamba yao kila msimu kuelekea malishoni na porini ni waumini wetu. Tunaleta mavuno mbele ya altare, nami nayabariki. Siku moja Mungu ataniuliza kama niliwahi kuuliza mahindi yale yalilimwa wapi. Na wanaomwita Mdatoga “Mang'ati”, neno lenye maana ya adui, au Mhadzabe “Mtindiga”, ni sisi tunaotoka kupokea Komunyo. Mtu anayeitwa adui barabarani hawezi kuamini kwamba ataitwa mgonjwa zahanati.

Najua mtu atasema kwamba wao wenyewe hawataki hospitali, wanapenda kujifungulia nyumbani. Huenda wapo wasiotaka. Lakini aliyefokewa mara ya kwanza, akaeleweka vibaya mara ya pili na kurukwa kwenye foleni mara ya tatu, tusimwite mkaidi asiporudi mara ya nne.

Basi, tufanye nini? Jumuiya ndogondogo iliyo karatu na zahanati ianze na jambo moja: siku ya kliniki, awepo mwanajumuiya anayejua Kidatoga akae kwenye benchi lile, atafsiri, na ahakikishe aliyefika kwanza anaonwa kwanza. Kwenye mkutano wa kijiji, inapojadiliwa mipaka ya malisho au njia ya ng'ombe kwenda majini, Mkristo asikae kimya kwa sababu shamba linalovuka mpaka ni la shemeji yake. Huduma ya mkoba inapopita vijijini, tuisaidie ifike hata kwenye maboma ya mbali. Na nyumbani, watoto wasiyasikie tena yale majina mabaya vinywani mwetu.

Neno la mwisho. Kabla ya kumponya mtu yule, Yesu alimwuliza kama anataka kupona. Alimsikiliza mpaka akamaliza. Sisi tumewapangia Wadatoga na Wahadzabe mambo mengi, na mara chache tumewauliza.

Jumapili hii, ukitoka kanisani, angalia ni nani amekaa pembeni ya birika. Kisha umpishe.