Chafya za Lindoni si Utegaji

Kila mara mvua za Machi na za Septemba zinapokwisha kushika katika nchi ya Ankole, nyasi za malisho ya Bwizibwera hutoa mashuke, na mahindi ya wakimbizi kule Nakivale huchanua. Ndipo baadhi ya askari wetu huanza kupiga chafya mfululizo, macho mekundu, pua zikichuruzika maji. Na ndipo jina la mtegaji linapotolewa upesi mno.

Sisi hatukubaliani na jina hilo. Tangu mwaka 1873, daktari Charles Blackley wa Manchester, Uingereza, alipotangaza majaribio aliyoyafanya juu ya mwili wake mwenyewe, imefahamika kwamba maradhi haya huletwa na chavua, yaani unga wa maua. Maua mazuri ya rangi yanaonewa bure. Unga wake hunata na hubebwa na wadudu. Adui ni nyasi, ambazo unga wake huchukuliwa mbali na upepo, na gugu karoti, mgeni kutoka Amerika anayeota kando ya barabara zetu. Hilo huwasha hata ngozi ya anayeling'oa kwa mikono mitupu.

Mafua ya kawaida huisha kwa juma moja hivi. Mwenye mzio hana homa, macho humwasha, na hali hiyo hudumu majuma mengi, ikarudi msimu ule ule. Homa ikiwapo, apimwe malaria.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni vidonge. Piriton hununuliwa dukani kama peremende. Hukausha pua kweli, lakini huleta usingizi. Askari aliyeimeza jioni, kisha akapewa lindo la usiku au usukani wa lori la kwenda Mbarara, amekabidhiwa roho za wenzake akiwa nusu macho. Vipo vidonge visivyosinzisha kiasi hicho, kama loratadini. Na aulize zahanati ya kambi, kisha amwarifu afande wa zamu. Naye ambaye kifua kinambana na kupiga filimbi asingoje kupambazuke, kwani huenda hiyo ni pumu, nayo huua.

Tena kuna suala la kufyeka. Kufyeka nyasi zilizokwisha chanua ni kuurusha unga wote hewani, na mara nyingi anayepewa panga siku hiyo ni yule yule aliyeitwa mtegaji. Nyasi zikatwe kabla ya kutoa mashuke. Ratiba ya kufyeka iandikwe kwa kutazama mvua, si kwa kutazama siku ya kuja mgeni mkubwa.