Jarida Liliingia Majini Siku Gani?

Soma uhakiki kumi wa kayaki kwenye majarida ya wapiga kafi, halafu nitafutie mmoja unaosema: usinunue hii. Nakungoja. Mimi nilitafuta kwa miezi. Kila kayaki ni imara, kila kayaki ni nyepesi kugeuza, kila kayaki inamfaa anayeanza na mzoefu pia. Ya futi kumi imara. Ya futi kumi na saba imara. Ni kama fundi mbovu hajawahi kuzaliwa duniani.

Hii si hasira ya mtu aliyekosa kazi ya kuhakiki. Mimi na beshte yangu tulichanga pesa tukanunua kayaki ya plastiki, mtumba, kwa sababu jarida moja la nje liliisifu. Lilisema imetulia majini na inafaa ziwani na pwani. Urefu kama mita tatu, upana karibu sentimita 75. Asubuhi ya kwanza pale Kilifi, maji yakiwa yamelala kama kioo, tuliikalia kama kochi la sebuleni. Tukaambiana, hao watu wanajua kazi.

Ikaja Julai, kusi inavuma. Beshte akatoka peke yake kutoka upande wa Mnarani, akakaribia mdomo wa hori wakati maji yanatoka. Mawimbi yakasimama. Moja likampiga ubavuni, kayaki ikapinduka bila onyo. Mbaya zaidi, ilijaa maji kutoka omo hadi tezi, kwa sababu ndani haikuwa na ukuta hata mmoja wa kuyazuia. Hungeweza kuigeuza ukaipanda tena. Alibaki ameing'ang'ania, jaketi kifuani, akivutwa nje pole pole, hadi mzee mmoja mvuvi alipomfikia na ngalawa yake.

Yule mzee aliikagua kayaki yetu pale mchangani, akaipigapiga tumbo, akauliza, "Nani aliwaambia hiki ni chombo cha bahari, wanangu?"

Tukamwambia, "Tulisoma kwa jarida, mzee."

"Hilo jarida liliingia nacho majini siku gani?"

Hatukuwa na jibu. Tulirudi tukausoma ule uhakiki upya, mstari kwa mstari. Haukusema upepo ulikuwaje. Haukusema mhakiki ana kilo ngapi. Haukusema alikaa ndani yake dakika kumi au wiki mbili. Haukusema kama aliipindua makusudi aone itakuwaje. Ulikuwa na picha tamu ya machweo.

Wacha nieleze kwa nini maswali hayo si madogo. Chombo kina uthabiti wa aina mbili. Wa kwanza ni ule unaousikia ukikaa tu: tumbo bapa na pana halitikisiki kwenye maji matulivu. Wa pili ni ule unaojitokeza chombo kikishalala upande: je, kitakushikilia ama kitakumwaga? Kayaki pana yenye tumbo bapa hujitahidi kulala sambamba na uso wa maji. Maji yakiinama, nayo inainama, na wewe ndani. Kayaki nyembamba ya baharini, mara nyingi mita tano na upana wa sentimita 55 hivi, itamtia mgeni wasiwasi kwa bwawa la kuogelea, lakini wimbini humpa mpiga kafi nafasi ya kujiweka sawa. Kwa hivyo neno "imara" peke yake halina maana. Imara wapi? Chini ya nani? Mtu wa kilo 55 na mtu wa kilo 95 wakikalia kayaki ileile, wanakalia vyombo viwili tofauti, maana kina cha kuzama kinabadilika na kila kitu kinabadilika nacho.

Sasa, kwa nini wahakiki hawasemi haya? Wahenga walishajibu: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kayaki inayohakikiwa mara nyingi imeazimwa kutoka kwa kiwanda. Ukurasa wa pili una tangazo la kiwanda kilekile. Wanunuzi wa matangazo katika mchezo mdogo hivi ni wachache, na wote wanajuana. Hakuna haja ya hongo wala simu ya vitisho. Mhariri anajua tu ni sentensi gani itamgharimu, anaifuta kabla haijaandikwa.

Wanaojitetea wana hoja mbili. Ya kwanza: "Nafasi ni ndogo, kwa hivyo tunahakiki kayaki nzuri pekee." Sawa. Basi tutajieni mlizozikataa, maana hiyo orodha ndiyo ingemwokoa beshte yangu. Ya pili ni nzito zaidi: jarida la wapiga kafi halina pesa za kujinunulia vyombo. Consumer Reports ya Marekani hujinunulia inachopima na haichukui matangazo, lakini ina wanachama wengi wa kuibeba. Jarida dogo litafanyaje?

Litafanya kama Sea Kayaker. Jarida hilo lilianza 1984 na likafungwa 2014. Lilichapisha matangazo ya viwanda kama wengine. Lakini kayaki moja walipewa wapiga kafi kadhaa, na urefu na uzito wa kila mmoja uliandikwa. Chombo kilipimwa, vipimo vikawekwa kwenye jedwali. Wahakiki waliruhusiwa kutokubaliana, halafu mtengenezaji akapewa nafasi ya kujibu palepale. Unaweza kubishana na maoni yao, lakini ulikuwa na kitu cha kubishana nacho. Kwa hivyo msituambie shida ni matangazo tu. Shida ni uvivu uliojificha nyuma ya matangazo.

Na usicheke ukidhani haya ni ya watu wa kayaki. Simu uliyo nayo mkononi ulinunua baada ya jamaa kuifungua boksi mbele ya kamera akitabasamu. Hata sisi wa vitabu: ni mara ngapi umesoma uhakiki wa riwaya ulioandikwa na rafiki wa mwandishi, kila sura "inagusa moyo"? Tofauti ni kwamba riwaya mbovu itakuibia wikendi. Kayaki mbovu inakupeleka nje ya mwamba.

Ninachodai si kikubwa. Sema chombo ulikipata vipi na kama kimerudi. Sema una kilo ngapi. Sema maji yalikuwaje na ulikaa ndani kwa muda gani. Kipindue, ukipande tena, utuambie ilikuwaje. Taja kasoro moja ya kweli, kisha utaje mtu ambaye hafai kukinunua. Uhakiki usioweza kusema "si chako" hauna haki ya kusema "ni chako".

Kayaki yetu bado tuko nayo. Inakaa hori la ndani, maji yakiwa yamelala, na inafanya kazi hiyo vizuri sana. Huo ndio uhakiki wake. Mzee aliutoa bure, baada ya kuipigapiga tumbo mara tatu.