Furaha Yetu na Neno "Balaa"

Katika mjadala wa darasa letu muhula huu, mwenzetu mmoja alitoa hoja kwamba maneno ya vijana ya kushangilia katika simu yapigwe marufuku, kwa kuwa yanaharibu Kiswahili. Wengi walimpigia makofi. Mimi sikusimama siku ile, maana nilikuwa na jambo moyoni lililonizuia. Leo naomba nafasi katika gazeti letu nilieleze.

Kila msomaji anayajua maneno ninayoyataja. Timu yetu ikifunga bao, au mwenzetu akituma picha ya nguo mpya ya sikukuu, twaandika "Hatari!", "Noma!", "Balaa!", na kuzivuta herufi zake mpaka mstari unajaa. Wazee wetu hushangaa na kuuliza: mbona furaha imevikwa majina ya misiba?

Kwa kweli, kuzua maneno ya kushangaa na kushangilia si jambo geni. Waingereza wana herufi OMG, kifupi cha maneno yenye maana ya "Ee Mungu wangu", ambazo watu wengi hudhani zimeletwa na simu. Lakini Bwana John Fisher, aliyepata kuwa mkuu wa jeshi la majini la Uingereza, alizitumia katika barua aliyomwandikia Winston Churchill mwaka 1917. Huko Marekani, wacheza michezo ya kompyuta walikuwa na ukelele wao wa ushindi, "w00t", ulioandikwa kwa sifuri mbili mahali pa herufi o. Mwaka 2007 wachapishaji wa kamusi ya Merriam-Webster waliutangaza kuwa neno la mwaka.

Na sisi je? "Aisee", ambalo wazee wetu hulitamka bila haya yoyote, lilitokana na maneno ya Kiingereza "I say". Liliingia kama mgeni, na leo ni mwenyeji. Tena tumefundishwa darasani kwamba vihisishi ni aina kamili ya maneno, kama zilivyo nomino na vitenzi. "Lo!" husemwa na aliyepata, na husemwa na aliyekosa pia. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba kijana aandikaye "Balaa!" anaua lugha.

Sasa nieleze kosa langu. Mwezi wa Januari mwaka huu, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Pili yalipotoka, niliyatazama katika simu ya kaka yangu. Rafiki yangu, ambaye tunakaa naye dawati moja, alikuwa amefaulu kuliko tulivyotumaini. Yeye huishi kijijini kwa bibi yake, na simu ya nyumba ile ni ya bibi. Kwa furaha niliandika upesi: "Aisee, matokeo yako ni balaa! Hatari tupu!" Nikatuma, nikaenda zangu kucheza mpira.

Rafiki yangu alikuwa shambani. Bibi, ambaye hajui kusoma, alimwita mtoto wa jirani amsomee. Huyu bibi ndiye aliyemlea mjukuu wake tangu utotoni, na kila mtu kijijini alikwisha kusikia kutoka kwake kwamba kijana huyu atasoma mpaka mwisho. Aliposikia "matokeo" na "balaa", aliketi chini asiulize neno. Uji ukaungua jikoni. Mjukuu aliporudi alimkuta amejitanda khanga kama aliyefiwa. Bibi akamwambia, "Usihuzunike, mume wangu. Jembe lipo, tutalima." Rafiki yangu akauchukua ujumbe, akausoma, akacheka. Kisha akaona kwamba bibi yake hacheki, naye akanyamaza.

Likizo iliyofuata nilikwenda kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, akanipa chakula, wala hakunigombeza. Alisema tu, "Sisi tukipata heri hupiga vigelegele, na kila asikiaye hujua kuwa ni heri. Nyinyi furaha yenu mnajuana wenyewe."

Wasomaji wapenzi, maneno hayo yamenifundisha kuliko mjadala wote. Shida haikuwa kwamba neno ni baya, wala kwamba si Kiswahili safi. Shida ni kwamba nilitumia neno la rika langu katika nyumba ambayo halijulikani. Kwa hiyo nina mashauri matatu.

Kwanza, maneno haya yasipigwe marufuku. Baina yetu tushangilie tupendavyo.

Pili, tukimwandikia mzazi, mwalimu, au tukituma habari katika simu ambayo yaweza kusomwa na mwingine, tuanze na habari yenyewe: amefaulu, tumeshinda, mtoto amezaliwa salama. Shangwe zifuate nyuma.

Tatu, nawaomba wazee wetu, wakikutana na neno wasilolielewa, watuulize kabla ya kuhuzunika au kukasirika. Kuuliza si ujinga.

Asiyekubaliana nami na aandike katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa moyo mweupe. Lakini najua jambo moja: ningaliandika "Umefaulu", neno moja tu, uji wa bibi usingaliungua.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu