Majibu ya damu yarudishwe kijijini





Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Karagwe, Mkoa wa Kagera. Miaka michache iliyopita wataalamu walifika shuleni kwetu kupima malaria. Niliwapanga watoto mstari, wakatobolewa vidole. Majibu ya malaria tulipewa papo hapo, na kwa hilo nashukuru. Lakini matone mengine yalikaushwa kwenye karatasi yakachukuliwa, na hadi leo wazazi wananiuliza: "Mwalimu, damu ile ilikwenda wapi?"

Imenibidi nijisomee mwenyewe. Damu ya namna hiyo huchunguzwa vinasaba vya vimelea, kuona kama vina alama ya kuhimili dawa. Alama moja, iitwayo R561H, ilikwisha kuonekana Rwanda, na uchunguzi wa mwaka 2021 ukaikuta hapa hapa mkoani Kagera. Vimelea vyenye alama hiyo huchelewa kuisha katika damu mgonjwa anapotumia dawa mseto.

Dawa hiyo bado inaponya, mtu asiikimbie. Lakini tukumbuke klorokwini. Nilipokuwa mtoto tuliimeza, chungu na yenye kuwasha mwili. Ikashindwa, na mwaka 2001 nchi yetu ikaacha kuitegemea. SP iliyofuata nayo haikudumu, ndipo ikaja dawa mseto. Je, na hii ikishindwa, watoto wetu watameza nini?

Huku kijijini dozi ya siku 3 mara nyingi huishia siku ya kwanza. Homa ikipoa, vidonge vinavyobaki anawekewa mtoto mwingine. Nusu dozi huacha vimelea mwilini, na vile sugu ndivyo vinavyobaki kuzaana na kubebwa na mbu. Wazazi hawa si wakaidi, ila hawajaelezwa. Mzazi akijua kwamba alama hiyo imo wilayani kwake, atafikiri mara mbili kabla ya kugawa vidonge.

Naiomba Wizara ya Afya iagize kwamba kila anayechukua damu kijijini arudi kusoma majibu katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili chepesi, kama tunavyosomewa mapato na matumizi. Sisi walimu tuko tayari kuyafundisha darasani. Damu ni ya watoto wetu, na habari zake ni zetu pia.

Mwalimu wa Kijijini,
Karagwe, Kagera.