Kinga ya kompyuta ni ya bure, kutojua ndiko kunakotugharimu

Mimi ni mtu wa Likoni niliyeletwa Kapsoit na kazi ya ualimu. Kapsoit ni kituo cha biashara kwenye barabara ya Kericho kwenda Kisumu, pale inapochepuka njia ya Sondu. Ukiyapita maduka ni mashamba ya chai mpaka macho yachoke. Lakini shida za kompyuta huku ni zile zile nilizoziacha Mombasa.

Majuzi jirani yangu, mama mkulima wa chai, alibisha hodi akiwa amebeba kipakatalishi ndani ya mfuko wa unga. Kijana wake anakitumia kutafuta nafasi ya chuo, na yeye mwenyewe hujazia ripoti ya ushuru ya KRA humo. Faili zote kwenye flashi zilikuwa zimegeuka vijialama vyenye mshale, na matangazo ya kamari yalikuwa yakijifungua yenyewe. Fundi mmoja alikuwa amemwitisha Sh4,500 za kuweka programu ya kuua virusi.

"Mwalimu, na bonasi yenyewe si uliiona?" akaniuliza.

Niliiona. Bonasi ya chai ya mwaka 2025 ilikuwa ndogo upande huu wa magharibi ya Bonde la Ufa, na wakulima walilalamika waziwazi. Nikamwambia, "Mama, keti tunywe chai kwanza. Kazi hii haihitaji pesa."

Nilichokikuta ndicho kiini cha makala haya. Kompyuta ile ilikuwa na mlinzi wake tangu mwanzo, ila alikuwa amezimwa. Tangu Windows 8 mwaka 2012, Microsoft huweka kinga yake, Defender, ndani ya mfumo wenyewe bila malipo. Maabara za upimaji kama AV-TEST ya Ujerumani zimekuwa zikiipa alama za juu. Aliyeiuza kompyuta ile alikuwa ameweka Windows ya wizi, na programu nyingi za kuvunja kufuli la leseni humtaka mtu azime kinga kwanza. Ni sawa na kumwambia askari wa lango aende akalale ili mgeni usiyemjua apite.

Tulimwasha mlinzi, tukasasisha orodha yake ya virusi, kisha tukaagiza ukaguzi ule unaofanyika kabla Windows haijaamka, ambapo kirusi hakipati pa kujificha. Nyaraka za flashi hazikuwa zimefutwa. Virusi vya aina hii huficha faili halisi na kuweka njia ya mkato mahali pake, ili ukibofya ukiwashe wewe mwenyewe. Tuliruhusu faili zilizofichwa zionekane, tukazinakili, tukaisafisha flashi. Gharama yote ilikuwa bando la intaneti.

Ndugu msomaji, usidhani haya ni mambo ya kijijini. Mei 12, 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Dawa ilikuwa imetolewa bure na Microsoft miezi miwili kabla, mwezi Machi. Wengi walioumia ni wale ambao hawakuwa wamesasisha. Sisi nasi huahirisha masasisho kwa kuhofia kumaliza bando.

Hatari sasa imeongezeka. Oktoba 14, 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10, ambayo ndiyo iliyomo katika kompyuta nyingi za mtumba tunazonunua, na nyingi kati ya hizo ni za zamani mno kupokea Windows 11. Zipo njia mbili za bure. Ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwao, unaweza kujisajili upate masasisho ya usalama hadi Oktoba 13, 2026. Ama uhamie Linux Mint au Ubuntu, mifumo isiyolipiwa ambayo haina makuu hata kwa mashine kuukuu.

Lakini si kila cha bure ni salama. Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kuwa Avast, kampuni maarufu kwa kinga yake ya bure, italipa dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za tovuti ambazo wateja wake walikuwa wakitembelea. Kwa hiyo usirundike kinga tatu kwenye mashine moja. Iliyomo ndani ya Windows inatosha kwa nyumba nyingi.

Programu-jasusi nazo zina mlango mwingine: mkono wa mtu. Septemba 2025 ilielezwa mahakamani Nairobi kuwa simu za watengenezaji filamu waliokamatwa mwezi Mei zilikutwa na FlexiSPY, baada ya kuchunguzwa na Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto. Programu hiyo iliwekwa wakati simu zikiwa mikononi mwa polisi. FlexiSPY huuzwa mtandaoni kwa yeyote mwenye pesa zake. Ndiyo maana nywila ya kuwashia kompyuta si jambo la watu wakubwa pekee. Na ukifungua akaunti yako ya KRA au barua pepe kwenye saiba, toka kabisa kabla ya kuinuka.

Serikali haiwezi kukwepa lawama. Juni 30, 2023 ilizindua zaidi ya huduma 5,000 kwenye eCitizen, na kabla ya mwezi kwisha jukwaa hilo likashambuliwa na wadukuzi likayumba. Mkulima amesukumwa mtandaoni apende asipende, lakini hakuna aliyemfundisha kuufunga mlango. Tuliahidiwa vituo vya kidijitali katika wadi zote 1,450. Somo la kwanza humo, kuanzia Kapsoit hadi Kinango, lingekuwa hili: washa kinga, sasisha, kagua flashi kabla ya kuifungua, na weka nakala ya vyeti vyako mahali pa pili.

Jirani yangu alirudi baada ya siku mbili na kibuyu cha mursik. Kijana wake, alisema, tayari ameshakagua kompyuta za nyumba mbili za jirani, na hajamtoza mtu.