Klachi ngumu: upe mguu muda kabla ya kuwapakia watoto

Katika familia nyingi gari la klachi huingia nyumbani bila kuombwa. Kaka kahamishwa kikazi akaacha pikapu yake. Ofisi imetoa gari la kazi. Au lile la otomatiki limelala gereji, na lililobaki uani ni la babu. Kesho yake saa 12:30 asubuhi watoto wako tayari na mabegi mgongoni, na wewe uliyezoea kuweka D na kuondoka unakuta pedeli tatu chini badala ya mbili.

Wiki hii tunaacha kidogo habari za chanjo na lishe tuzungumzie pedeli ile ya kushoto. Usishangae kuiona kwenye ukurasa wa familia. Gari linaloruka-ruka lina watoto nyuma, gari linalorudi nyuma mlimani lina bajaji yenye abiria nyuma yake, na mzazi anayetokwa jasho kwenye usukani haoni vizuri mtoto anayevuka barabara. Hili ni jambo la usalama, na usalama ni afya.

Ninachotaka ukishike ni hiki: klachi haifundishwi kwa maelezo ya mdomo wala kwa haraka ya asubuhi. Mguu ndio unaojifunza, nao unahitaji muda wake peke yake, gari likiwa tupu.

Kinachotokea chini ya mguu wako

Gusanisha viganja vyako viwili. Kimoja ni injini, kinazunguka muda wote. Kingine ni upande wa gia na magurudumu, kimesimama. Ukikanyaga klachi mpaka chini unavitenganisha, hivyo injini inazunguka peke yake na gari halisogei. Ukiachia taratibu, viganja vinaanza kugusana, kile kilichosimama kinavutwa kidogo kidogo, na gari linaondoka laini. Ukiachia ghafla, vinagongana. Gari linaruka, na kama injini haina nguvu ya kutosha, linazima.

Pale viganja vinapoanza kugusana ndipo madereva wetu wanaposema "kubalansi klachi". Kila gari lina mahali pake. Jingine hushika karibu na sakafu, jingine mpaka mguu uwe umekaribia kutoka kabisa. Ndiyo maana hata dereva wa miaka mingi akipewa gari la jirani anaweza kulizimisha mara mbili tatu kabla hajatoka getini. Si aibu. Mguu wake bado unakumbuka gari lake.

Jioni tatu za mazoezi

Tafuta eneo tambarare lisilo na watu, kwa mfano kiwanja kilicho wazi jioni au eneo la shule siku ya mapumziko, ukiwa umeomba ruhusa. Watoto wabaki nyumbani.

Anza na kiti. Kanyaga klachi mpaka mwisho: goti likiwa bado limekunjwa kidogo, umekaa vizuri. Likinyooka kabisa, uko mbali, na utakuwa unateleza kwenye kiti kila unapobadilisha gia. Ila usijivute mpaka kifua kikagusa usukani. Acha angalau sentimita 25 kati ya kifua na usukani, maana mfuko wa hewa uliomo ndani yake ukifumuka hufumuka kwa nguvu.

Kisha viatu. Kandambili huchomoka na kujikunja chini ya pedeli, na visigino virefu havikupi hisia ya mguu. Vaa raba nyepesi au kiatu chenye soli nyembamba kinachoshika mguu. Ukipenda, weka jozi moja ndani ya gari iwe ya kuendeshea, lakini isikae sakafuni upande wa dereva.

Jioni ya kwanza usiguse mafuta kabisa. Washa gari, kanyaga klachi na breki, weka gia namba moja. Achia breki, kisha inua mguu wa kushoto polepole sana. Utasikia mlio wa injini ukishuka, na boneti itatetemeka kidogo au kuinuka. Hapo ndipo. Tulia, hesabu moja mpaka tatu, kisha kanyaga tena mpaka chini. Magari mengi yenye afya huanza kutambaa yenyewe kwenye tambarare bila mafuta. Rudia mara 20 hivi, ukipumzisha gari katikati ili klachi isipate moto.

Jioni ya pili ongeza mafuta kidogo, kisha jifunze kwenda namba mbili na tatu. Mguu wa kulia unatoka kwenye mafuta wakati wa kushoto unakanyaga klachi mpaka mwisho, gia inaingia, klachi inaachiwa. Gari likishaondoka, mguu wa kushoto ukae sakafuni. Kuuegemeza juu ya klachi muda wote kunachosha goti na kula pleti.

Jioni ya tatu fanya mambo uliyonayo kila siku: kusimama na kuondoka, kurudi nyuma, kuegesha. Na kabla ya yote hayo, shika kanuni moja ya kukuokoa ukiwa bado mwanafunzi katika mwendo mdogo. Ukichanganyikiwa, klachi na breki, miguu yote miwili chini. Gari litasimama na halitazima. Ukishasimama, pumua, kisha anza upya kana kwamba hakuna aliyepiga honi.

Mlima usikutishe

Anayeishi Mwanza au anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto anajua kwamba tambarare haijakumalizia somo. Kwenye mlima, hofu ya kurudi nyuma ndiyo inayowafanya watu waachie klachi kwa pupa.

Tumia handbreki, kwani ndiyo mguu wako wa tatu. Gari likiwa limesimama, vuta handbreki, weka namba moja, ongeza mafuta kidogo kuliko kawaida, inua klachi mpaka usikie mlio ukishuka na pua ya gari ikitaka kuinuka. Sasa shusha handbreki taratibu. Gari litaondoka mbele bila kurudi hata hatua moja. Fanya zoezi hili kwenye mteremko mdogo usio na magari kabla ya kulipeleka kwenye foleni.

Usilishikilie gari mlimani kwa klachi na mafuta wakati unasubiri foleni isogee. Viganja vile viwili vinasuguana bila kushikana, na baada ya muda utasikia harufu kali ya kuungua. Hiyo ni pesa yako ya gereji inayoondoka.

Kushuka nako kuna somo lake. Kwenye miteremko mirefu kama Kitonga au Sekenke, usishuke klachi ikiwa imekanyagwa au gia ikiwa huru kwa nia ya kuokoa mafuta. Gari linabaki mikononi mwa breki peke yake, na breki zikipata moto sana hupoteza nguvu. Weka gia ya chini mapema, injini ikusaidie kulizuia.

Ni mguu, ni gari au ni mwili?

Kama daktari anavyouliza kabla ya kuandika dawa, nawe jiulize tatizo liko wapi.

Kama gari linazima unapoondoka tu, lakini likienda linaenda vizuri na wenye uzoefu wanaliendesha bila shida, ni mguu. Endelea na mazoezi.

Kama injini inanguruma lakini mwendo hauongezeki, hasa mlimani, klachi inateleza na pleti huenda imekwisha. Kama inashika mguu ukiwa umekaribia kutoka kabisa, nayo ni dalili ya pleti kuliwa. Kama gia zinakwaruza kuingia, hasa ya kurudi nyuma, hata ukiwa umekanyaga mpaka chini, klachi haitenganishi sawasawa. Kama pedeli inazama na hairudi, au imekuwa laini ghafla, huenda mafuta ya klachi yanavuja au waya umelegea. Katika magari mengi klachi na breki hutumia chupa moja ya mafuta, kwa hiyo kiwango kikishuka usingoje mwisho wa mwezi. Mwite fundi. Na kama pedeli imekuwa nzito kuliko zamani, hilo nalo lina sababu yake. Usijilaumu kwamba huna nguvu kabla gari halijakaguliwa.

Upande wa mwili, watu husahau kwamba klachi ni kazi. Kwenye foleni ya jiji unaweza kuikanyaga mara nyingi sana kabla hujafika shuleni kwa mtoto. Goti la kushoto likiuma, angalia kiti kwanza, kisha nguvu itoke pajani badala ya kusukuma kwa vidole. Maumivu yakiendelea, nenda kituo cha afya.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji asiharakishe. Wengi hushauriwa kusubiri wiki 6 hivi, ingawa kila mwili una mwendo wake. Kipimo rahisi ni hiki: ukiwa na ruhusa ya mtaalamu wako, kaa kwenye gari lililozimwa, kanyaga klachi na breki kwa nguvu kama mtu anayesimama ghafla. Ukisikia maumivu ya mshono au ukisita, bado. Mjamzito avae mkanda, ule wa chini upite chini ya tumbo juu ya nyonga, na ule wa juu upite kati ya matiti.

Mwenye kisukari aliyeanza kuhisi ganzi kwenye nyayo asinyamaze. Mguu usiohisi pedeli hauwezi kubalansi klachi, na mbaya zaidi, unaweza kukosea breki. Mwambie daktari wako kwamba unaendesha gari la gia, maana anaweza asiulize.

Watoto na gari la gia

Gari la dereva anayejifunza huruka. Mtoto aliyesimama katikati ya viti, kama tulivyozoea kuwaacha, atarushwa mbele hata kwa mwendo wa kutambaa. Mtoto mchanga aliyepakatwa kiti cha mbele anaweza kugonga kichwa kwenye dashibodi. Watoto wakae nyuma, wadogo kwenye kiti chao maalumu na wakubwa wakiwa wamefunga mkanda, hata kama ni hapo dukani tu.

Lipo jambo jingine ambalo waliozoea otomatiki hawalijui. Gari la gia likiegeshwa huachwa likiwa kwenye gia pamoja na handbreki, na hilo ni sahihi. Lakini katika magari mengi ya zamani, mtu akizungusha ufunguo bila kukanyaga klachi, gari huruka mbele au nyuma papo hapo. Mtoto wa miaka 4 anayecheza udereva uani anaweza kumgonga mdogo wake aliye mbele ya gari. Funguo zisibaki kwenye gari hata kwa dakika moja, na zisitundikwe mahali ambapo mtoto anafikia akipanda kiti. Nawe kabla ya kuwasha, angalia mbele na nyuma, kanyaga klachi mpaka chini, gusa gia ujue iko wapi. Zoea kufanya hivyo kila mara, hata ukiwa na haraka.

Anayekufundisha

Ndoa nyingi zimepimwa kwenye kiti cha pembeni cha dereva. Mume anapiga kelele "klachi! klachi!", mke ananyamaza, na jioni hakuna anayesemeshana. Mtu akikaripiwa mwili hukakamaa, na mguu uliokakamaa hauwezi kuachia pedeli polepole.

Kama uwezo upo, lipia saa chache kwa mwalimu wa udereva. Kama ni mwenza, shemeji au kaka, kubalianeni kabla hamjawasha: maneno yawe machache, sauti iwe ya kawaida, na mmoja akichoka mnarudi nyumbani bila lawama. Nusu saa ya utulivu inafundisha zaidi ya saa mbili za kelele.

Nawe shule wape taarifa, au mwombe jirani anayekwenda njia hiyo awabebe watoto wiki hiyo ya kwanza. Kuomba msaada wa siku tano hakumpunguzii mzazi heshima yake. Siku utakayowapakia, toka nyumbani dakika 20 mapema na chagua njia isiyo na mlima hata kama ni ndefu kidogo. Likizima njiani, washa taa za tahadhari, klachi chini, ufunguo, endelea. Wenye honi watasubiri.

Tukutane wiki ijayo.